Girisi Mahali Pake: Klachi na Propela za Pikapu Kuukuu

Kabla jua halijachomoza, pikapu huanza kuteremka kutoka Wundanyi zikiwa zimesheheni kabeji, nyanya na pilipili hoho. Baadhi huishia Mwatate au Voi, na nyingine hushika barabara kuu hadi soko la Kongowea mjini Mombasa. Dereva mzoefu hateremki mlima huu kwa breki pekee. Huingiza gia ndogo, akaiacha injini ilizuie gari, na mguu wake hugusa breki pale tu kona inapomlazimu. Anajua kwamba breki zikikanyagwa mfululizo, na mzigo mzito uko nyuma, hupata joto na kupoteza nguvu.

Kile ambacho wengi hawakifikirii ni njia ambayo nguvu hiyo ya injini hupitia hadi kufika kwenye magurudumu ya nyuma. Hupita kwenye klachi, kisha giaboksi, kisha propela, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari, na kuishia kwenye difu. Propela ikiachana katikati ya mteremko, gia haishiki tena kitu. Injini italia, gari litaendelea kushuka, na dereva atabaki na breki za kawaida peke yake. Pedali ya klachi ikikwama chini ni yale yale, kwani injini na magurudumu huwa hayajuani tena.

Sehemu hizi mbili hazihitaji mitambo ya kisasa kuzitunza. Zinahitaji kopo la girisi, pampu ya mkono, kitambaa safi na mtu anayejua ni wapi pa kutia girisi, kiasi gani, na wapi asiguse kabisa. Hili la mwisho ndilo linalowagharimu wenye magari wengi, kwa kuwa girisi iliyowekwa mahali pasipofaa huharibu haraka kuliko ukavu.

Kwa nini propela hukauka

Propela haiwezi kufungwa kama chuma kimoja kigumu toka giaboksi hadi difu. Kila gurudumu linapoingia shimoni, springi hupanda na kushuka, na difu huenda nazo. Kwa hivyo kila mwisho wa propela una kiungo kinachopinda. Ndani ya kiungo hicho mna kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Kila mojawapo ya ncha zake nne huingia ndani ya kikombe kidogo kilichopangwa visindano vya chuma, vyembamba mithili ya njiti za kiberiti. Visindano hivyo huviringika ndani ya girisi, na mdomo wa kikombe hufungwa kwa sili ya mpira.

Mpira huo huzeeka. Vumbi jekundu la nyanda za chini hujipenyeza, na maji ya mito ya msimu huingia gari linapovuka. Girisi hugeuka kuwa uji wa kahawia, kisha hukauka, na chuma huanza kusagana na chuma. Mtu akichungulia chini ataona unga mwekundu wa kutu pembeni mwa kikombe. Unga huo ukishaonekana, kwa kawaida visindano vimeanza kuchimba mitaro kwenye ncha za msalaba.

Kabla ya kukatika, krosi hutoa dalili. Ya kwanza ni mlio mwembamba kama wa ndege, unaosikika vizuri gari likitembea polepole karibu na ukuta, na unaokwenda mbiomBio kadiri gari linavyoongeza kasi. Ya pili ni mgongo wa chuma, "kong!", dereva anapotoka gia ya nyuma na kuingia ya kwanza, au anapokanyaga mafuta baada ya kuachilia. Ya tatu si sauti bali ni mtetemo unaosikika sakafuni na kitini gari likiwa mbio. Mtetemo unaweza pia kuletwa na tairi lisilosawazishwa au rimu iliyopinda, kwa hivyo si kila mtetemo ni wa propela.

Njia ya kuhakikisha ni kwa mikono. Gari likiwa limezuiwa na injini imezimwa, fundi hushika chuma cha upande mmoja wa krosi kwa mkono mmoja na cha upande wa pili kwa mkono mwingine, kisha huvizungusha kinyume, huku na huku, na kuvisukuma juu na chini. Propela nzima inaweza kucheza kidogo kwa sababu meno ya difu yana nafasi baina yao, na hilo halina neno. Lakini vyuma viwili vilivyoungwa na krosi moja visicheze baina yao hata kidogo. Vikicheza, krosi imekwisha na inatakiwa kubadilishwa.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Mwenye gari husikia mlio, hutia girisi, na mlio hunyamaza. Huamini kwamba amepona. Girisi haiwezi kurudisha chuma kilicholika. Imenyamazisha kengele tu, na safari ya wiki ijayo itafanywa na krosi ile ile, safari hii bila onyo. Baada ya kutia girisi kwa sababu ya mlio, jaribio la mikono lirudiwe palepale.

Propela ikiachana upande wa mbele, ncha yake huanguka chini huku gari likiendelea kwenda, na inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari. Ikiachana nyuma huburutika na kupigapiga kila kilicho karibu, ikiwemo mifereji ya breki na tangi la mafuta. Kwa watu wanaopanda juu ya mzigo, jambo ambalo halifai lakini huonekana kila siku ya soko, mshtuko kama huo unatosha kuwarusha.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, si kwenye udongo laini wala ukingoni mwa barabara. Magurudumu yasiyoinuliwa yawekewe mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. Pikapu nyingi ziko juu vya kutosha mtu kuingia bila kuinua kitu, na hiyo ndiyo njia bora. Inapolazimu kuinua, gari likae juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na hakuna anayepaswa kuingiza kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala matofali, ambayo hupasuka ghafla.

Wenye Land Rover za zamani wana jambo la ziada la kujua. Breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Ukifungua propela ya nyuma, breki ya mkono haina tena cha kushika. Vilevile ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu huliruhusu gurudumu hilo kuzunguka hewani na gari huweza kuondoka huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Mawe chini ya magurudumu ndiyo breki ya kweli hapo.

Jambo jingine ni joto. Ekzosi hupita karibu na propela, na pikapu iliyotoka tu Voi huunguza mkono. Iachwe ipoe.

Kutia girisi

Krosi nyingine zina tundu dogo lenye kifuniko cha chuma cha duara, ambalo mafundi huliita nipo. Nyingine hazina. Krosi isiyo na nipo ilijazwa girisi kiwandani na kufungwa, na haitiwi nyingine. Inakaguliwa, na ikilegea hubadilishwa. Kuna wanaokata tamaa wakikosa nipo na kupaka girisi juu ya krosi kwa nje. Hiyo haifiki ndani, na kazi yake pekee ni kukusanya vumbi.

Palipo na nipo, kwanza ipanguswe kwa kitambaa hadi ing'ae. Hatua hii huonekana ndogo, lakini mchanga uliokaa juu ya nipo utasukumwa na pampu moja kwa moja hadi kwenye visindano. Kisha pampu isukumwe taratibu hadi girisi mpya ianze kuchungulia kwenye sili za vikombe vyote vinne. Girisi chafu hutangulia na safi hufuata. Kikombe kimoja kikikataa kutoa, propela izungushwe kidogo na kujaribiwa tena. Kikombe kinachoendelea kukataa ndicho kitakachokufa kwanza, hata kama vile vitatu vinang'aa. Girisi iliyotoka nje ipanguswe.

Girisi inayofaa kwa kazi hii ni ya lithiamu namba 2, ambayo kopo lake huandikwa NLGI 2. Ndiyo inayotajwa katika vitabu vya magari mengi ya mizigo. Si busara kuchanganya girisi za aina mbalimbali, kwani baadhi zikikutana huyeyuka na kuvuja. Asiyejua iliyomo ndani ni ya aina gani asukume mpya hadi ya zamani yote itoke. Wakati wa kununua, angalia alama ya ubora ya KEBS na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Girisi ya kupimiwa kwenye karatasi dukani ni rahisi, lakini hakuna ajuaye imelala wazi kwa vumbi kwa muda gani.

Baadhi ya propela, hasa za magari ya kuvuta magurudumu manne, zina sehemu yenye meno inayoteleza kuingia na kutoka ili propela irefuke na kufupika. Nayo huwa na nipo yake. Hapa kosa la kawaida ni kinyume cha ukavu. Mtu husukuma pampu mpaka girisi ijae kabisa nyuma ya meno. Girisi haikubali kubanwa, kwa hivyo springi zinapobanwa na propela kutaka kufupika, hukosa pa kuingia na kuanza kuisukuma giaboksi na difu. Sukuma kidogo, na ukiona sehemu hiyo inaanza kujisogeza nje, acha. Umekwisha kupita kipimo.

Pikapu ndefu nyingi za kuvuta nyuma zina propela ya vipande viwili, na katikati yake kuna senta beringi iliyoshikwa na mpira. Beringi hiyo kwa kawaida imefungwa na haitiwi girisi. Kinachoangaliwa ni mpira: ukipasuka, propela hudunda na gari hutetemeka wakati wa kung'oa na mzigo. Mpira haupendi girisi wala mafuta, kwa hivyo usiupake chochote.

Ikibidi propela ifunguliwe, iwekwe alama za rangi kwenye pande zote mbili za kila kiungo kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa. Krosi za pande mbili hupangwa zielekeane kwa namna maalumu. Propela ikirudishwa ikiwa imegeuka kwa meno machache tu, itatetemeka hata kama kila kitu ni kipya, na mwenye gari atanunua tairi, beringi na krosi nyingine bila kupata dawa.

Klachi: tone moja na si zaidi

Upande wa klachi unahitaji girisi kidogo zaidi na uangalifu mwingi zaidi. Ndani ya kasha la klachi kuna pleti iliyovikwa kitambaa kigumu, inayofanya kazi kwa kushika kwa msuguano. Girisi ikiifikia, pleti huteleza. Injini itanguruma mlimani na gari halitapanda, na harufu ya kuungua itajaa kibini. Pleti iliyolowa mafuta hubadilishwa, na kuibadilisha ni kushusha giaboksi nzima. Fundi anayepulizia mafuta kwenye tundu la kasha la klachi ili kuondoa kelele anakuuzia kazi kubwa ya mwezi ujao.

Sehemu zilizo nje ya kasha hazina hatari hiyo. Juu, ndani ya kibini, pedali huzunguka kwenye pini yenye bushi. Pini hiyo ikikauka pedali hulia kila inapokanyagwa na hurudi kwa uvivu. Pangusa, tia girisi kidogo, kanyaga mara kadhaa, kisha pangusa iliyozidi isije ikadondokea kwenye viatu na kufanya pedali ya breki iteleze. Pini inayounganisha pedali na fimbo yake nayo ipate tone. Tazama pia tundu la pini hiyo. Likiwa limekuwa yai badala ya duara, sehemu ya mkanyago hupotea hapo kabla haijafika kwenye klachi, na hakuna girisi itakayoirudisha.

Kutoka kwenye pedali, magari hutofautiana. Mengine hutumia kebo. Kebo za zamani za chuma mtupu hupenda mafuta mepesi yanayotiririka kutoka juu kwenda chini. Lakini kebo nyingi zilizokuja baadaye zimevikwa plastiki laini kwa ndani na zimekusudiwa kufanya kazi kavu. Mafuta huzinasisha kwa kukusanya vumbi. Kebo iliyoanza kukatika nyuzi ibadilishwe mara moja. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake hubebwa na zilizobaki.

Pikapu nyingine, Hilux nyingi zikiwemo, husukuma klachi kwa mafuta ya breki kupitia masta silinda iliyo juu na silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Ndani ya silinda hizo mna mipira ambayo huvimba na kuharibika ikiguswa na oili ya injini au girisi ya kawaida. Kinachotiwa huko ni mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake, DOT 3 au DOT 4, na si kitu kingine. Kikopo kikipungua mara kwa mara, kuna mahali panavuja: chungulia chini ya dashibodi penye fimbo ya pedali, na chini ya ule mpira wa vumbi kwenye silinda ndogo. Mafuta hayo hubabua rangi ya gari, kwa hivyo yakimwagika yaoshwe kwa maji.

Silinda ndogo husukuma foki, na foki husukuma beringi ya klachi. Pale ncha ya fimbo inapokutana na foki panaweza kupakwa girisi kiasi cha punje ya harage. Sehemu tatu nyingine huhitaji girisi lakini zimo ndani: kifundo ambacho foki hukalia, bomba ambalo beringi huteleza juu yake, na meno ya shafti ya giaboksi. Hizi hupakwa pale tu giaboksi inaposhushwa kwa ajili ya klachi mpya, na kwenye meno ni utando mwembamba unaofutwa hadi ubaki kama kivuli, kwa sababu chochote kinachozidi kitarushwa kwenye pleti. Mwenye gari akiwa gerejini siku hiyo, ni haki yake kuomba aonyeshwe sehemu hizo zikipakwa kabla giaboksi haijarudishwa. Beringi mpya ya klachi huja imefungwa na girisi yake, na isioshwe kwa petroli.

Mwisho pimwe mchezo wa pedali, yaani umbali inaoshuka kwa kidole kabla ya kukutana na uzito. Kwa pikapu kadhaa za Toyota kipimo ni milimita 5 hadi 15. Pasipo mchezo kabisa, beringi hukaa ikibanwa saa zote na pleti huanza kuteleza. Mchezo ukizidi, klachi haiachii vizuri, gia hukwaruza, na kwenye mteremko dereva hushindwa kurudi gia ya pili wakati anaihitaji.

Baada ya maji na vumbi

Vitabu vya watengenezaji hutoa vipindi vya kutia girisi, mara nyingi kati ya kilomita 5,000 na 10,000, na husisitiza kipindi kifupi kwa gari la mizigo au linalotembea kwenye vumbi. Pikapu inayopanda vilima vya Taita na kuvuka mchanga wa nyanda za chini inastahili kipindi hicho kifupi. Gari likiingia maji ya kufunika propela, girisi itiwe upya siku hiyo au kesho yake, si mwisho wa mwezi. Mvua za vuli zikikaribia, ni vizuri kazi hii imalizike barabara zikiwa bado kavu na fundi hajalemewa na magari yaliyokwama.

Gari la biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari alitunze katika hali salama siku zote, si siku ya ukaguzi tu. Krosi iliyolegea inaweza kumkosesha cheti, na kubwa zaidi, inaweza kumwangusha siku tatu baada ya kupata cheti. Anayetafuta fundi anaweza kuuliza kama amefanya mtihani wa NITA. Wapo mafundi hodari wa jua kali wasio na karatasi hiyo, na hao hutambulika kwa wanavyopangusa nipo kabla ya kuweka pampu.

Girisi chafu, vitambaa vilivyolowa na mafuta ya breki yaliyotolewa visimwagwe mtaroni wala shambani. Maji ya vilimani huteremka kwenye vijito vinavyotumiwa na watu na mifugo huko chini. Vikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu.

Odomita za pikapu nyingi kuukuu zilikufa zamani, kwa hivyo kuhesabu kilomita si rahisi. Tarehe inatosha: iandikwe kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa dereva, pamoja na aina ya girisi iliyotiwa, ili hata dereva wa siku moja aione anapopanda.